Mgowe Bila Pombe

Mimi ni mtu wa Uyole. Nilikulia kandokando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Iringa, nikiuza viazi kwa madereva wa malori. Mmoja wa madereva hao alinunua viazi vyangu kupita kiasi ambacho tumbo la binadamu linaweza kumaliza, mpaka mama yangu akaniuliza, "Huyu anakula viazi au anakula macho?" Ndivyo nilivyoolewa Iringa. Nilifika kwa Wahehe hata kuitikia "kamwene" sijui vizuri, na mdomo wangu, ambao kwetu ulikuwa mdomo wa kawaida tu, kule ukaonekana mrefu.

Haya ninayosimulia ni ya miaka ya sabini, watoto wetu wakiwa watatu na mume wangu akiwa na kitambi. Hapo kwenye kitambi naomba mnielewe. Siku hizi watu wanakicheka, lakini wakati ule kitambi cha mume kilikuwa cheti cha mke. Mume akinenepa, watu walisema yule mwanamke anajua kutunza. Akikonda, walimtazama mke kwanza, ndipo waulize kama kuna homa. Na mimi nilikuwa mgeni, niliyesemwa hadharani siku ya harusi kwamba Wanyakyusa wanajua kupika ndizi tu. Kitambi kile nilikijenga kwa mikono yangu, kwa mandazi, kwa wali, kwa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, tena sukari yenyewe enzi hizo ilikuwa ya foleni, unapanga mstari tangu alfajiri na bado mwenye duka anakwambia imekwisha. Nilijivunia, sifichi.

Masika ya mwaka mmoja kaka mkubwa wa mume wangu akafariki kwa ugonjwa wa sukari. Alianza na kiu isiyokatika, kikafuata kidonda kwenye kidole cha mguu, kidonda kikapanda, hospitali wakaukata mguu chini ya goti. Walimrudisha nyumbani, mama yake akamuuguza miezi miwili, akafa. Mume wangu ndiye aliyemwogesha pamoja na wajomba. Alipotoka mle chumbani alikwenda akakaa ndani ya lori lake, mlango ameufunga, na watu wakamwacha.

Usiku ule hakulala, na asubuhi aliniambia jambo moja tu. "Mimi na kaka tulifanana kila kitu. Sauti, kiatu, kila kitu." Nikamjibu asiseme maneno ya uchuro. Lakini moyo wangu ulishtuka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Chini ya kilima chetu palikuwa na zahanati ya misheni, na aliyeiendesha alikuwa sista mmoja, Mhehe wa palepale, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Ndiye aliyekuwa akija kumfunga marehemu kidonda. Baada ya misa ya arobaini, watu wakiwa bado wanakula, Sista alisimama uani akagonga sufuria kwa mwiko.

"Ugonjwa huu unapenda ukoo," alisema. "Ukishaonja damu ya mmoja, unarudi kuuliza nduguze. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nawataka ndugu zake wote wa damu, na jirani yeyote mwenye tumbo linalomtangulia. Kila mtu aje na mkojo wake."

Loo! Tulicheka siku ile, msibani hivyohivyo, mpaka wengine wakatoka nje. Lakini Ijumaa walikwenda. Njia ya kuteremka zahanati ilijaa watu wazima wenye heshima zao, kila mmoja na chupa ya dawa ya kikohozi ameificha ndani ya koti, wakikutana wanasalimiana "kamwene, kamwene" bila kutazamana. Nilimsindikiza mume wangu kwa sababu nilijua akibaki peke yake atageuza njiani.

Sasa niseme nilichokiona barazani pale, maana hata leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Sista alikuwa na taa ya spiriti na vichupa vyembamba vya kioo. Katika kila kichupa alimimina dawa ya rangi ya bluu, bluu safi ya anga la Juni. Akaongeza matone ya mkojo, akakishika kwa kibanio juu ya moto, akakitikisa taratibu. "Ikibaki bluu, nenda nyumbani," alitwambia. "Ikiwa kijani, tukae tuzungumze. Ikiwa njano au chungwa, tuombe. Ikiwa rangi ya tofali, ni ile ya marehemu."

Wa kwanza akabaki bluu. Wa pili bluu. Mzee mmoja muuza ng'ombe, mnene kweli, yake ikageuka mbele ya macho yetu ikawa kijani, na hakuna aliyemgusa wala kumsemesha. Mama wee! Mtu amebeba siri tumboni mwake hata yeye mwenyewe haijui, na maji ya bluu yanaisema. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, nilijua kuna sayansi, lakini kujua kuna kitu na kukiona kikigeuka rangi ni vitu viwili. Nilipiga ishara ya msalaba, na mimi kwetu ni Mlutheri.

Cha mume wangu kikawa kijani.

Sista akamwandikia barua, tukaenda hospitali kubwa wakamtoa damu, akanyweshwa maji matamu, wakamtoa tena. Daktari alisema maneno marefu ambayo sikuyashika. Tuliporudi Sista akayafupisha. "Bado hujawa mgonjwa. Lakini si mzima vilevile. Sukari haijaingia ndani, iko dirishani inachungulia. Ukiifungia itaondoka. Ukiikaribisha kiti, haitoki tena."

Neno hilo likashika. Waliokutwa na kijani siku ile walikuwa saba, na kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimewapa jina: Wachunguliwa. "Mchunguliwa, habari za dirishani?" Mume wangu aliuchukia utani huo.

Masharti ya Sista yalikuwa mafupi. Pombe, hapana. Sukari, hapana. Ugali kiasi, maharage na mboga za majani kwa wingi. Na kila siku mtu atoke jasho. Hilo la mwisho ndilo lililoleta kicheko. Muuza ng'ombe aliuliza, "Mtu mzima nikimbie, nani ananifukuza?" Mwingine akasema yeye akionekana anakimbia barabarani watu watajua ameiba. Sista aliwasikiliza wakamaliza. Kisha akasema, "Sawa. Hakuna kukimbia. Tutafanya mgowe."

Kwa asiyejua, mgowe ni kazi ya kualikana. Mwenye shamba anapika pombe, anawaita majirani, wanakuja na majembe, wanajipanga mstari, wanalima kwa nyimbo mpaka jua likiwa kali, halafu wanakaa kivulini wanakunywa mpaka pombe iishe. Pombe ndiyo mwaliko, ndiyo asante, ndiyo kila kitu. Sista alitaka mgowe wa kila asubuhi, katika shamba la mjane wa marehemu lililoko ng'ambo ya bonde, mwendo wa karibu saa nzima kwa mguu, kushuka na kupanda. Na bila tone la pombe.

"Mgowe bila pombe?" mama mkwe wangu alisema. "Mwe! Huo si mgowe, hiyo ni jela."

Hakwenda mtu. Siku ya kwanza Sista alipita nyumbani kwetu kukiwa bado na ukungu, jembe begani, akaita, tukajifanya hatusikii. Alikwenda peke yake. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mama mkwe alikuwa anatoka kuchota maji, akasimama ukingoni mwa bonde, akaona kule ng'ambo kitambaa cheupe cha kichwani kinainuka na kuinama. Gauni amelikunja mpaka magotini na analima, tena anaimba, anajiimbia mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Mama mkwe aliweka ndoo chini. Alirudi akapiga mlango wetu kwa kiganja.

"Mtumishi wa Mungu analima shamba la mwanangu peke yake, na wewe umelala na tumbo lako! Jumapili tutaingiaje kanisani?"

Mume wangu akatoka. Muuza ng'ombe akatoka. Ile aibu ilipita nyumba hadi nyumba, na wote saba wakavuka bonde wakiwa wamenuna. Mimi nikawafuata, nikisema nakwenda kuwapelekea maji, lakini ukweli nilikwenda kuona wanaume wanavyohema. Kule mlimani muuza ng'ombe alikaa juu ya jiwe mara nne. Sista hakumsema. Alimngoja, kisha akaanza wimbo.

Jamani, binadamu ni kiumbe cha ajabu. Wiki ya pili walikuwa wanalalamika. Wiki ya nne wanataniana. Mwezi wa pili ukipita hapo asubuhi unasikia nyimbo zinapokelewa toka ukingo huu hadi ule, na waliokuja si saba tena. Walikuja watu ambao maji yao yalibaki bluu, wakidai na wao wanahisi wanachunguliwa. Shamba la mjane liliisha, wakahamia la bibi mmoja asiyeona, wakatoka hapo wakachimba mfereji wa maji. Mchana walikunywa uji wa ulezi usiotiwa kitu, wakaapa kwamba ni mtamu. Waongo wakubwa. Lakini waliunywa wote pamoja, hata wasiokatazwa, na hilo liliniingia moyoni kuliko nyimbo zote.

Mume wangu alikuwa na shida yake, lori. Siku tatu kwa juma yuko njiani, amekaa. Kwa hiyo alitia jembe lake ndani ya lori, nyuma ya kiti. Akifika Uyole jioni analala kwa mama yangu, na kabla jua halijachomoza yuko katika bustani yake ya viazi, analima. Mama yangu akanitumia salamu kwa dereva mwingine: "Mumeo analima hapa kama anaposa upya. Niambie mapema kama anamtaka mdogo wako." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sukari niliifungia sandukuni pamoja na vitenge vyangu. Mandazi nikaacha. Na kitambi kikaanza kwenda. Mshipi ulitobolewa tundu jipya, halafu jingine. Nilimtazama akinawa uani asubuhi nikaona mgongo wa yule kijana wa viazi unarudi, na niliona haya kwa furaha niliyokuwa nayo, mwanamke wa watoto watatu.

Wengine hawakuona hivyo. Mashangazi walikuja, wakamtazama, wakanitazama. "Huyu anakula kweli?" Mama mkwe alikuwa amezika mtoto mmoja aliyekonda hivihivi, akaanza hofu ya kimyakimya. Alikuja kila jioni kutazama sahani ya mwanawe. Siku moja akaniambia bila ukali wowote, "Nimekuachia mtoto mwenye mwili, unanirudishia mifupa." Mdomo wangu wote ule nikautumia kupuliza moto.

Mvua zilipokolea, mianzi yake ikaanza kutoa. Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kulikuwa na kichaka kikubwa cha mianzi, na kipindi cha mvua chipukizi hukatwa ncha, kinafungwa chini yake chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na maji ya mti yanadondoka humo usiku na mchana. Huo ndio ulanzi. Ukilala siku moja mbili unachacha na unakuwa pombe. Lakini ukinywewa palepale, ukiwa mbichi, unaitwa mtogwa, nao haulevyi hata kidogo. Mtogwa wanapewa watoto. Wanapewa wazazi wanaonyonyesha. Ni mtamu ajabu, na mimi mtu wa Uyole nilipouonja mara ya kwanza nilidhani nimedanganywa, kwamba mti hauwezi kutoa kitu kama kile bila mtu kutia mkono.

Mama mkwe akaanza kumletea mwanawe mbeta nzima asubuhi na nyingine jioni, ili kumrudishia mwili. Nilimuuliza, Mungu ni shahidi yangu nilimuuliza, "Mama, Sista hatakataa?"

Akasimama, mbeta mkononi. "Sista amekataa pombe. Hii ni pombe?"

"Hapana, Mama."

"Amekataa sukari. Hii ni sukari? Imetoka dukani? Umeipangia foleni?"

"Hapana."

"Basi. Haya ni maji ya mwanzi. Utamu wake ameutia Mungu mwenyewe."

Nikakubali. Na nisiseme uongo, nilifurahi, kwa sababu kuna kitu kizuri hatimaye ningeweza kumpa mume wangu baada ya miezi ya maharage. Alipotoka kwenye mgowe akiwa na kiu, nilimmiminia mtogwa mimi mwenyewe, kikombe juu ya kikombe. Aliunywa macho ameyafumba.

Baada ya majuma kadhaa ikaja Ijumaa ya kupima. Wachunguliwa waliteremka wakiimba. Wa kwanza bluu, vigelegele. Wa pili bluu. Muuza ng'ombe bluu, akambeba Sista juu kwa juu, Sista akampiga mgongoni kwa kibanio ili amteremshe. Sita wote bluu. Mume wangu ndiye aliyekuwa wa mwisho, na alikuwa anatabasamu, kwa kuwa alilima kuliko wote, Iringa na Uyole.

Ikapita kijani. Ikapita njano. Ikasimama kwenye rangi ya chungwa.

Sista akaimwaga, akaosha kichupa, akarudia. Chungwa. Mume wangu alikitazama kile kichupa muda mrefu, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akasema, "Basi. Ni ukoo." Akapanda kilima peke yake.

Kuanzia siku ile aliacha kila kitu. Jembe alilitoa kwenye lori. Alinituma nifungue sanduku, nimpikie chai yake ya zamani. Nikakataa, akaenda kuipika mwenyewe, dereva wa lori amechuchumaa jikoni kwangu. Nilimfokea. Nilimwambia wanawe watatu watazame nini, watazame mguu unavyokatwa? Akajibu taratibu, na huo utaratibu ndio ulioniua, "Kaka naye alijitahidi. Ananiita. Acha niende nimeshiba." Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, mahali ambapo mtu halii kwa kujionyesha.

Sista alikuja juma lililofuata bila kuitwa. Aliingia moja kwa moja jikoni akafunua masufuria yangu. Nilikasirika! Nilidhani ananishuku, eti mgeni wa Mbeya anamlisha mtu wetu nini. Lakini alikaa kwenye kigoda akaniuliza kwa upole, nimtajie kila kilichopita kinywani mwa mume wangu, toka anaamka hadi analala, kabla ya ile Ijumaa. Nikataja. Uji, ugali, maharage, mboga, chai kavu isiyo na sukari. Mtogwa sikuutaja. Haki ya Mungu sikuficha, haukunijia. Ni nani anayetaja maji?

Tukiwa hapo, mama mkwe akaingia na mbeta yake ya jioni. Kumwona mgeni alifurahi, akatafuta kikombe kizuri, akakijaza, akampa Sista kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Sista akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakipeleka mdomoni. Akanywa funda moja. Nikamwona amesimamisha kikombe hapohapo, mbele ya midomo.

"Anakunywa hii?"

"Asubuhi na jioni," mama mkwe alisema, kwa fahari. "Bila mimi angekuwa amekufa."

Sista aliweka kikombe chini. Yeye ni Mhehe, alinyonya mtogwa kabla hajajua kusali, na mvua zote za maisha yake alikuwa amekinga kikombe bila kufikiri. Alijipiga paji la uso kwa kiganja, akasimama. "Mama, ichukue hiyo mbeta. Twende zahanati. Nawe njoo."

Tulishuka watatu. Barazani aliwasha taa. Alimimina bluu, akaongeza matone ya mtogwa, matone machache tu, akakishika juu ya moto. Haikungoja. Haikupita kijani wala njano kwa utaratibu, iligeuka ghafla ikawa tofali, nzito, ikatuama chini ya kioo kama udongo wa kufinyangia. Nilishika nguzo ya baraza. Utamu alioutia Mungu mwenyewe ulikuwa mle ndani, rangi ileile ya marehemu, na mkono uliommiminia mume wangu ulikuwa wangu.

Mama mkwe alisogeza uso karibu sana na kichupa. "Hii ni nini?"

"Ni sukari, Mama."

"Hii ya kwangu?"

"Ndiyo, Mama."

Aliinua mbeta, akaimwaga yote chini ya maua ya misheni, akaiacha hapo, akaondoka. Hakupita kwetu jioni ile. Tulimsikia gizani kwenye kichaka cha mianzi, anafungua mbeta moja moja.

Mume wangu nilimweleza usiku uleule. Alinisikiliza, kisha akanigeuzia mgongo. "Leo mtogwa, kesho mtasema maji," alisema. Mtu akishakata tamaa, hata habari njema inamchosha.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyunya. Tulisikia nyimbo za mgowe zinaanza ng'ambo, halafu zikakatika katikati. Nikatoka kutazama. Mstari mzima ulikuwa umesimama, na mwishoni mwa mstari, mahali pa mume wangu, alikuwa mama mkwe na jembe refu kuliko yeye. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, amevuka bonde lile katika utelezi. Baadaye waliniambia maneno yake: "Nimekuja kulima zamu ya mwanangu. Endeleeni kuimba."

Nikarudi ndani nikamwambia mume wangu, "Mama yako yuko kwenye zamu yako." Alitoka bila viatu. Nilimwona akishuka bonde mbio, bila mtu wa kumfukuza, anaanguka, anainuka, na alipofika akashika mpini wa jembe la mama yake. Mama akakataa kuliachia. Wakavutana pale mbele za watu mpaka muuza ng'ombe akampa mume wangu jembe lake. Wakalima bega kwa bega, na kabla ya mchana niliona mgongo wake umeingia tena katika mwendo wa wenzake.

Mama mkwe hakuacha tena. Kila asubuhi ya mvua zile alivuka. Mianzi yake ilikauka ncha bila kukingwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika kichaka kile. Nilimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Nilifika kwake nikidhani ni mwanamke wa kelele, kumbe kelele ilikuwa juujuu tu.

Kisha ikaja Ijumaa nyingine, mvua zikielekea mwisho. Safari hii hatukuimba njiani. Sista aliweka matone, akashika moto, tukatazama. Bluu. Akaendelea kuchemsha kuliko kawaida, kama anayetaka kuibishia ile dawa. Bluu, bluu ileile ya anga la Juni. Mume wangu alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono yake. Nilipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka wodini. Na niseme hapahapa ili msisumbuke: sukari ile haikuingia ndani. Ninapoandika haya yuko nje anapalilia vitunguu, na ananilalamikia kwamba nimekaa sana na hii kalamu.

Lakini siku ile, kelele zilipopungua na watu walipoanza kupanda kilima, niligeuka kumtafuta mama mkwe nimkumbatie. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mikono magotini. Sista alikuwa anafuta vichupa.

"Sista," alisema, "yule mkubwa alipokuwa na kiu ile. Mvua zilikuwa zinanyesha."

Sista akaacha kufuta.

"Alikuwa akiomba maji mchana na usiku. Maji nilikuwa nayo. Nikaona maji ni kitu kidogo kumpa mtoto anayekufa. Nikampa mtogwa." Hakulia. "Nilimpa kila siku. Niambie. Ni mimi?"

Nilitamani Sista aseme uongo. Ningemsamehe, na padri angemsamehe. Alikuja akasimama mbele ya mama mkwe, ile mikono yake mikubwa inaning'inia tu, kitambaa bado kimo mkononi.

"Nilikuja kumfunga kidonda kila jioni, Mama," alisema. "Alipokuwa hawezi kuinua kichwa, mtogwa wako nani aliyemshikia kikombe kama si mimi?"

Mama mkwe akamtazama. Nje watu walikuwa wakiitana kilimani. Kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi akae.